Mbeleko ya Lusia

Mimi nina hasira za karibu na sifichi. Pale Ilula, wauza nyanya wenzangu wanasema Mama Adrian akiwaka, hata basi la Dar linapita bila kusimama. Wananionea kidogo. Lakini siku ile kwa Riya nilipandisha sauti kweli, duka zima likanyamaza, na leo nikikumbuka nacheka. Nikimaliza kucheka namshukuru Mungu kwamba nilipiga kelele, maana ningekuwa mtu wa adabu ningeondoka bila kujua.

Riya ni binti wa ukoo wa Premji, wale wa duka la vitambaa pale Miyomboni, Iringa mjini. Baba yake, Mzee Bhavin, anauza vitambaa upande wa mbele. Binti amepewa chumba cha pembeni, ana kompyuta, mashine ya kuchapa picha, na kiti cha wateja kinacholia ukikikalia. Amezaliwa Iringa, amekulia Iringa, akikusalimu "kamwene" ya Kihehe unaweza kudhani ametoka shambani Kalenga asubuhi hiyo. Kazi niliyompelekea ilikuwa moja tu: anitolee mama yangu kwenye picha ya watu wengi, akae peke yake.

Mama yangu aliitwa Lusia, mzaliwa wa Idodi, ile njia ya kwenda mbugani Ruaha. Mimi sikumjua. Nimekulia Mbeya, Uyole, kwa shangazi yangu Anjela, dada yake baba. Shangazi alinilisha, akanivisha, akanisomesha mpaka la saba, na biashara ninayoijua ni yeye aliyenifundisha. Mungu amlaze pema. Ila ulimi wake, jamani! Nikivunja sahani, nikichelewa na maji, alikuwa na neno lake moja. "Wewe mama yako alilala kitandani siku aliyokuzaa, hakuinuka tena. Ulikuja kumla." Halafu anaendelea kukoroga uji, yamekwisha kwake.

Kwangu hayakuisha. Nimekua na neno hilo, nimeolewa nalo nikaja nalo Ilula. Nimezaa watoto wanne, na kila nilipokwenda leba sikuogopa kufa. Niliogopa kumwachia mtoto neno kama lile. Baba alikuwa mtu wa kimya, alioa mwingine akahamia Chunya, na Idodi hatukwenda kwa sababu ndugu wa pande mbili walikuwa hawapikiki chungu kimoja. Basi wa kumuuliza hakuwepo. Na hata angekuwepo, unaanzaje? Unamuulizaje mtu, "Eti ni kweli mimi ndiye niliyemuua mama?"

Mwaka huu nikasema sasa basi. Mama alikufa binti mdogo, mimi leo ningeweza kumzaa yeye. Nikapanda gari mpaka Idodi, nikawatafuta wajomba, wakanipokea kwa machozi na kuku. Kaburi lilikuwa tuta la udongo na jiwe kichwani. Tukakubaliana tulijengee, tuweke msalaba na kigae chenye picha yake, mchungaji aje Jumamosi atuombee. Shida ikawa hiyo picha. Hakuna mjomba aliyekuwa nayo. Ndipo wakanipeleka kwa Mama Mkubwa Esnath, aliyeimba na mama kwenye kwaya ya usharika, mzee sasa, magoti yamegoma lakini kichwa kizima. Akashusha fremu ukutani. Kwaya yote imo, mistari mitatu ya wanawake, nyuso ndogo kama maharage. Akagusa kwa ukucha mtu wa mwisho mstari wa katikati. "Huyu hapa Lusia. Chukua, utanirudishia." Mimi nililia tu. Gari lilikuwa linapiga honi nje, nikaikumbatia fremu yangu nikaondoka.

Jumatatu nikawa kwa Riya. Akaitoa picha kwenye fremu kwa uangalifu, akaipitisha kwenye mashine, ikaja kwenye kioo cha kompyuta. Akaikuza, akaikuza, mama akawa anasogea kwangu. Mungu wangu! Ni Juliana wangu, binti yangu wa tatu, yule yule, mpaka mwanya. Nikashika mdomo. Riya akanisukumia boksi la tishu bila kuniangalia, na kwa hilo tu nilimpenda.

"Mama, hii ni kazi ya polepole," akasema. "Bega lake limeingiliana na la mwenzake, na wa mstari wa nyuma wamemwegemea. Njoo Jumatano."

Jumatano nikaja na nyanya zangu nzuri kwenye kikapu, za mama yake Riya, zile ngumu ambazo abiria siwapi. Binti akaniwashia kompyuta. Wee! Mama yangu yuko peke yake, nyuma yake rangi ya bluu nyepesi ya asubuhi, uso umesafishwa, ile mikunjo ya karatasi iliyompita shavuni imeondoka. Anatabasamu kama mtu aliyeitwa jina lake. Hata nywele zilizochomoza kwenye kilemba Riya alizifuata mmojammoja. Nikampa mikono miwili. "Ndaga fijo," nikamwambia, ndiyo asante sana ya kwetu Mbeya, maana Kiswahili kilikuwa hakitoshi.

"Bado hujaangalia vizuri," akasema kwa maringo kidogo. "Kaa umwangalie, kama kuna kitu hukipendi useme nirekebishe."

Basi nikakaa nikamwangalia. Uso, shingo, mikono. Kanga imepita juu ya bega moja, imeshuka chini ya kwapa la pili, imefungwa fundo kifuani. Fundo kubwa, limekazwa. Nikaliangalia lile fundo. Nikaangalia nyuma ya bega lake: bluu tupu. Nikaangalia ubavuni: bluu tupu.

"Riya! Mama yangu amebeba nini hapa?"

"Hajabeba kitu, mama. Si kanga tu hiyo?"

"Kanga tu? Kanga tu! Ala! Hiyo ni mbeleko! Umemfunga mama yangu mbeleko tupu, halafu Jumamosi nimpeleke kaburini namna hiyo?"

Labda wewe msomaji umebebwa zamani umesahau, ngoja nikukumbushe. Sisi tuliolelewa na wanawake wa zamani, mbeleko tupu haifungwi. Mtoto akishushwa, fundo linafunguliwa saa hiyohiyo, kanga inakuwa kanga tena. Mwanamke akipita njiani na fundo kifuani na mgongo mtupu, watu watamsimamisha wamuulize mtoto yuko wapi. Anayesahau kulifungua ni yule aliyenyang'anywa mtoto na kifo, na huyo hakuna anayemsimamisha.

Nilisema mengi pale. Nilisema kompyuta ni kompyuta na mama yangu ni mama yangu. Nilisema kama kazi imemshinda angeniambia Jumatatu. Mzee Bhavin aliacha kitambaa cha mteja nusu kipimo, akaja mlangoni na mkasi mkononi. "Kuna nini, Mama Adrian?"

"Muulize binti yako kuna nini!"

Binti mwenyewe hakupandisha sauti. Alinisubiri nipumue, akaniuliza, "Nionyeshe. Mbeleko inafungwaje?" Nami kwa hasira nikavua kitenge changu cha mabegani, nikakipitisha juu ya bega, chini ya kwapa, nikafunga fundo kifuani mbele ya macho yake. Sawasawa na mama. Riya akaniangalia mimi, akaangalia kioo, akaniangalia mimi. Rangi ikambadilika.

"Mama Adrian, kaa tafadhali," akasema. "Kuna kitu nimekifunika."

"Umekifuta?"

"Sijafuta. Nimefunika." Akaburuta kiti chake karibu na changu. "Hii tunaiita maski. Ni kama shuka nimeitandika juu ya picha yote. Nikipaka nyeusi, kilicho chini kinafichika. Nikipaka nyeupe, kinaonekana tena. Picha ya chini sijaigusa hata kidogo, kwaya yote imo mpaka sasa hivi." Mimi siku zote nilidhani wanakata kwa mkasi, kilichokatwa kimetupwa. Akaendelea. "Mwanzoni huwa naiachia kompyuta ibahatishe yenyewe mtu ni yupi. Ikamchagua mama yako, lakini ikachagua na kimguu. Kimguu cha mtoto, hapa ubavuni. Na kivimbe cha kitambaa nyuma ya bega. Nikasema kompyuta imekosea, watoto wa kwaya huwa wanazubaa nyuma ya mama zao, na kitambaa nikadhani ni cha yule wa mstari wa nyuma. Nikavipaka nyeusi vyote."

"Kwa hiyo kompyuta ilisemaje?"

"Ilisema ni mtu mmoja," akajibu polepole. "Mimi ndiye niliyewatenganisha."

Akachukua ile brashi yake ya kwenye kompyuta, akaigeuza nyeupe, akaanza kupaka ubavuni kwa mama. Bluu ikaondoka. Kwanza kikatoka kisigino. Halafu unyayo. Halafu vidole, vimekunjamana kama vya mtoto anayelala. Akapanda juu nyuma ya bega, akapaka, na pale pakavimba kitu cha mviringo chini ya kanga nyingine, kichwa kimefunikwa gubigubi. Mbeleko ikajaa. Mama yangu alikuwa amembeba mtoto mgongoni, na anaimba kwaya, na anacheka.

Mama yangu alizaa mara moja tu. Hilo hata shangazi na ulimi wake hakulibadilisha. Sasa kama mtoto yule ni mimi, mtu aliyelala kitandani siku ya kunizaa asiinuke tena amesimamaje juu ya benchi la kwaya? Na kama si mimi? Wanawake hubebeana watoto. Unaweza kumshikia mwenzio mwanawe picha ipigwe. Moyo wangu ulikuwa unakwenda mbele na nyuma, nikaona bora nisijue, nichukue picha yangu nirudi Ilula kwenye nyanya.

"Mtu wa kumuuliza yupo?" Mzee Bhavin akauliza. Alikuwa bado mlangoni, mkasi umening'inia.

"Yupo. Mwenye picha."

"Basi piga, mama," Riya akasema. "Kuuliza si ujinga."

Nikapiga. Riya akaishika simu, akaiweka sauti ya nje. Ikaita sana. Mama Mkubwa Esnath akapokea kwa kelele, kama wazee wote wanaodhani Idodi na Iringa zinasikizana kwa nguvu ya koo.

"Shikamoo mama mkubwa. Ni Faustina wa Lusia."

"Marahaba mwanangu! Picha imepasuka?"

"Haijapasuka. Mama mkubwa, kwenye picha... mama amebeba mtoto mgongoni. Mtoto wa nani?"

Kisha yule mzee akacheka, kicheko kirefu cha kifua.

"Mtoto wa nani! We Faustina una wazimu? Ni wewe! Nani mwingine? Siku ile tulikuwa na vita kubwa kanisani kwa ajili yako. Mpiga picha ametoka mjini na pikipiki, mwalimu wa kwaya anataka mistari inyooke, akasema kila mama amlaze mwanawe kwenye mkeka, picha ni ya kwaya si ya kliniki. Wote tukawalaza. Lusia akagoma. Akasema huyu nimemtafuta kwa maombi, chini simweki. Mwalimu akageuka kupanga sauti ya tatu, sisi tukakufunika kichwa kwa kanga yangu ili asikuone. Kanga yangu mimi! Mguu ndio ukatushinda, ulikuwa unaupiga nje kila tukiurudisha ndani."

Riya alikuwa ameziba mdomo kwa mikono yote miwili. Mimi nikakusanya nguvu zilizobaki.

"Mama mkubwa, mimi niliambiwa mama hakuinuka kitandani tangu siku aliyonizaa. Kwamba mimi ndiye..."

"Nani kasema?" Sauti ikabadilika, kicheko hakipo. "Nani kakwambia upuuzi huo? Lusia aliinuka siku ya pili akadai ugali! Alikubeba kisimani, shambani, kwenye kwaya, mpaka tukawa tunamtania mgongo utaota majani. Wewe ulikuwa umeshaanza kusimama dede alipokwenda kuvuna mpunga Madibira. Huko ndiko alikopata homa. Akarudi anatetemeka, amekubeba, hakutaka mtu ampokee. Homa ndiyo iliyomchukua. Shangazi yako alikuja matanga yamekwisha, akakuchukua, akaondoka. Aliyoyasema huko Mbeya aliyatoa kichwani mwake."

"Mbona hukuniambia nilipokuja?"

"Nikwambie nini, mwanangu? Mtu huambiwa kwamba alibebwa na mama yake? Si kila mtu amebebwa!"

Hapo nikalia. Sikulia kama nilivyolia Idodi. Nililia kwa sauti, kilio cha mtoto aliyepotea sokoni akamwona mama yake. Mzee Bhavin akamfukuza mteja aliyekuwa anachungulia, akaniletea chai ya maziwa yenye tangawizi kwenye kikombe chake mwenyewe, akasimama kando asijue aweke wapi mkasi. Riya naye alikuwa analia, tishu tunagawana. Na shangazi yangu Anjela, nilimkumbuka pale pale na uji wake. Nilidhani nitamkasirikia. Nikajitafuta hasira, mimi ambaye sikosi hasira, nikakuta haipo. Alikuja mpaka Idodi kwa mabasi ya enzi zile kunichukua mtoto wa watu ninayetapatapa. Neno lake lilikuwa baya na uji wake ulikuwa mtamu, vyote nimevila, nimekua. Asiyeshukuru kwa kidogo hata kikubwa hatashukuru.

Tulipotulia, Riya akajifuta macho, akarudi kwenye kioo. Akasafisha kile kisigino, akakitoa doa la karatasi, akazifuata pindo za kanga ya Mama Mkubwa Esnath mpaka zikaonekana. Ndipo Mzee Bhavin akakohoa.

"Mama Adrian, unisamehe. Mimi nimeuza sanda miaka mingi, mengi nimeyaona. Hii picha ni ya kaburi, sivyo? Aliye hai haweki picha yake kaburini. Watu wa Idodi wataona huo mguu, watauliza ni wa nani, na wataambiwa ni wako wewe uliyesimama pale. Watasema ni mkosi."

Kweli tupu. Hata mimi ningesema hivyo kwa mwingine. Riya akatugeukia, brashi ipo mkononi.

"Naweza kutoa mbili," akasema. "Ya nyumbani mtoto awepo. Ya kaburini nimfunike tena, na fundo nalifunika, kanga inakuwa kanga ya kawaida. Hakuna atakayejua. Ni kupaka nyeusi mara moja tu." Akaigeuza brashi ikawa nyeusi, akaishikilia juu ya ule unyayo, akaningoja.

Nikauangalia ule mguu. Mwalimu wa kwaya alitaka uondoke. Shangazi, bila kujua, aliuondoa. Riya wangu naye, kwa ustadi wake wote, aliuondoa. Mtu mmoja tu ndiye aliyekataa, na huyo ndiye mwenye kaburi.

"Acha hivyo hivyo," nikamwambia. "Chapa."

"Mama, na watu wakisema?"

"Waseme. Watakaouliza nitawajibu mwenyewe, nina mdomo." Nikamgeukia Mzee Bhavin, maana ndiye aliyeniogopea, na nilitaka asikie vizuri. "Nimekusikia baba, na asante. Lakini mimi siwekwi kaburini. Mimi nipo mgongoni kwa mama yangu."